Intaneti ya mpakani: namna ya kuandaa andiko la kuomba fedha za umma

Maandiko ya miradi ya intaneti ya mpakani hukwama kwa sababu moja kuliko nyingine zote: mwombaji ameandika mradi mmoja unaovuka mpaka, kisha akaupeleka kwenye mfuko ambao mamlaka yake yanaishia kwenye bikoni, zile alama za mpaka. Waya unaruhusiwa kuvuka. Data inavuka, wateja wanavuka asubuhi na kurudi jioni, hata pesa inavuka kwa simu. Ruzuku haivuki. Shilingi ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wa Tanzania haiwezi kununua nguzo Kajiado, na ya Kenya haiwezi kulipia mnara Longido.

Kwa hiyo karibu kila kitu hapa chini kinazunguka ushauri mmoja: kata mradi wako vipande viwili kwenye mstari wa mpaka. Kila kipande kisimame chenyewe kisheria na kihesabu, halafu vikutane mahali pamoja palipoandikwa wazi. Ninawaandikia watoa huduma wadogo, vyama vya ushirika, maofisa TEHAMA wa halmashauri na kaunti, na wakuu wa shule na vyuo. Mfano wangu ni Namanga, miji miwili yenye jina moja, mmoja Wilaya ya Longido na mwingine Kaunti ya Kajiado. Aliyeko Sirari na Isebania, Mutukula, Kabanga na Kobero, au Tunduma na Nakonde atabadilisha majina ya wilaya na ya wadhibiti, mengine yanabaki vilevile.

Hatua ya 1: Jua kinachovuka ni nini

Ingia ofisi ya wakala wa forodha Namanga. Mezani kuna simu mbili au tatu, laini za Tanzania na za Kenya, na modemu imeegeshwa dirishani upande ambao mnara unashika vizuri. Simu ikinasa mnara wa upande wa pili, mtandao unahesabu kwamba umesafiri nje ya nchi, na bando ulilonunua asubuhi ama linagoma ama linaliwa kwa bei nyingine. Nje lori liko kwenye foleni, na hati zake zinatakiwa TRA na KRA, mamlaka za mapato za Tanzania na Kenya. Muulize wakala huyo anataka nini, atakwambia anataka intaneti ya mpakani. Mkae naye nusu saa, utagundua anahitaji laini moja ya uhakika upande wake mwenyewe, kwa sababu mifumo yote miwili ya forodha inafikika kwa intaneti ya kawaida.

Ndiyo maana hatua hii inakuja kabla ya kalamu. Andika orodha ya wateja wako, na mbele ya kila mmoja andika kinachovuka. Kwa wengine ni simu tu inayoshika mnara wa jirani. Hilo ni suala la sera na halitatuliwi kwa ruzuku yako. Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zilikubaliana kulimaliza kuanzia 2014 kupitia mpango wa Eneo la Mtandao Mmoja, ambapo kupokea simu ukiwa nchi jirani hakutozwi na kupiga kuliwekewa ukomo wa senti 10 za dola kwa dakika. Tanzania na Burundi hazikuwamo mwanzoni. Lalamiko la namna hiyo lipeleke TCRA, mdhibiti wa mawasiliano wa Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kwa barua, likiwa na tarehe na mahali ulipokuwa, na usilitie kwenye andiko la kuomba fedha.

Kwa wengine kinachovuka ni data yenyewe: shule mbili zinazotaka kushiriki masomo, kampuni yenye matawi pande zote mbili, au wewe mtoa huduma unayetaka kununua kapasiti, yaani intaneti ya jumla, upande ambao ni nafuu. Hao ndio mradi wako.

Hatua ya 2: Kata mradi kwenye mstari

Wazo la kwanza la kila fundi ni lilelile: antena mbili, moja juu ya paa Tanzania, nyingine juu ya paa Kenya, umbali usiofika kilomita moja, kazi ya mchana mmoja. Kiufundi inafanya kazi vizuri sana. Kisheria umeanzisha mawasiliano ya kimataifa bila leseni ya kimataifa, katika nchi mbili kwa pamoja. Masafa ya mpakani yanaratibiwa na wadhibiti wa nchi husika, ambao hukutana chini ya EACO, jumuiya ya sekta ya mawasiliano ya Afrika Mashariki yenye makao yake Kigali. Hakuna mfuko wa umma utakaogusa mradi wa aina hiyo, na hata kama huombi fedha, siku vifaa vikichukuliwa hutakuwa na pa kulalamikia.

Njia halali ni kununua kutoka kwa aliyekwisha kuvuka. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano wa Tanzania, unaoendeshwa na TTCL, unakutana na mitandao ya nchi jirani kwenye vituo vya mpakani, Namanga ikiwamo. Wapo pia watoa huduma binafsi wenye faiba kuanzia Nairobi hadi Arusha. Wewe unahitaji mambo matatu tu: mtandao wako upande wa kwanza, mtandao wa mshirika wako upande wa pili, na mkataba wa kila mmoja na msafirishaji mwenye leseni ya kimataifa. Mahali mnapokutana paandikwe kwenye andiko kwa jina la jengo au kituo, nani anamiliki kifaa kilichopo, na nani anaamshwa saa nane usiku kikizima.

Mshirika wako awe kampuni, chama au shirika lililosajiliwa huko kwake, lenye namba yake ya mlipakodi na akaunti yake ya benki. Usifungue tawi la haraka haraka kwa ajili ya zabuni. Makubaliano ya ushirikiano kati yenu yanaweza kuwa kurasa tatu, mradi yaseme kwamba kukwama kwa upande mmoja hakuufungi upande wa pili. Kipengele hicho mkaguzi hukitafuta kabla ya vingine.

Ukiona ukataji huu ni usumbufu wa watu wadogo, angalia wakubwa walivyofanya. Benki ya Dunia ilipoidhinisha programu ya miundombinu ya mawasiliano ya kikanda mwaka 2007, kwa jumla ya dola milioni 424, jina lilikuwa moja lakini fedha zilitolewa nchi kwa nchi. Awamu ya kwanza Kenya ilichukua takriban dola milioni 114, Burundi milioni 20 na Madagascar milioni 30. Tanzania ilikuja baadaye na milioni 100 zake. Kila serikali ilisaini mkataba wake na kuwa na ofisi yake ya mradi. Mkongo wa baharini wa TEAMS, kutoka Mombasa hadi Fujairah, ulijengwa na Serikali ya Kenya na kampuni za Kenya kwa upande mmoja na Etisalat ya Falme za Kiarabu kwa upande mwingine, ukawaka 2009. EASSy, unaoshuka pwani kutoka Sudan hadi Afrika Kusini na kupita Mombasa na Dar es Salaam, ulianza kazi 2010. Ili kampuni ndogo za nchi nyingi zipate sehemu yao humo, taasisi za fedha za maendeleo, zikiwamo IFC, tawi la Kundi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, na Benki ya Maendeleo ya Afrika, zilikopesha chombo kimoja kilichoundwa mahsusi, WIOCC, nacho kikashika hisa kwa niaba yao. Katika mifano hiyo hakuna aliyepewa fedha za "Afrika Mashariki" kwa ujumla wake. Kuna mkopaji, kuna sheria inayomfunga, na kuna mahakama atakakoshtakiwa.

Hatua ya 3: Chagua mfuko, na ujue unavyofikiri

Mifuko ya mawasiliano kwa wote ndiyo ya kuanzia. Ya Tanzania, UCSAF, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2006 na kuanza kazi 2009. Ya Kenya iliingia kwenye sheria kwa marekebisho ya 2009, na watoa huduma wenye leseni huichangia asilimia 0.5 ya mapato ghafi ya mwaka. Yote miwili inakusanya kutoka kwa kampuni za simu na kupeleka mahali ambapo kampuni hizo zisingekwenda kwa hiari yao.

UCSAF inafanya kazi kwa zabuni ya ruzuku ndogo kabisa. Mfuko unatangaza orodha ya kata, kampuni zinasema kila moja ingehitaji ruzuku kiasi gani ili ijenge huko, na anayeomba kidogo akiwa ametimiza vigezo anapewa. Mei 2023 jijini Dodoma ilisainiwa mikataba ya minara 758 katika kata 713, kwa ruzuku ya shilingi bilioni 126. Tigo, ambayo sasa ni Yas, ilichukua 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Soma orodha hiyo tena. Hakuna mtoa huduma mdogo hata mmoja, na kwa mfumo ulivyo ni vigumu awepo, maana anayeomba ruzuku ndogo ni yule mwenye mtaji na minara ya jirani tayari.

Mtu mdogo afanye nini hapo? Mawili. La kwanza, hakikisha kata yako inaingia kwenye orodha. Mfuko umekuwa na miradi maalumu ya mipakani na kanda maalumu, kwa hiyo hoja ya mpaka inasikika. Kinachohitajika ni barua ya mkurugenzi wa halmashauri yenye majina ya vijiji, idadi ya watu kwa mujibu wa sensa na vipimo vya mawimbi, nakala kwa mbunge. Mnara ukijengwa si wako, lakini kanuni zinawataka wenye miundombinu kuitumia kwa pamoja na wengine, na ukiweza kukodi nafasi juu yake umeokoa fedha nyingi kuliko ambazo ungepewa. La pili, angalia miradi ya shule na vituo vya afya, ambako kuna kazi za kuunganisha, kufunga na kutunza zinazofaa kampuni ya watu watano. Mfuko wa Kenya ulianza hivyo kwa upande wa intaneti: shule za sekondari za umma 896 ziliunganishwa katika mradi wake wa kwanza wa elimu. Sheria za manunuzi za nchi zote mbili pia zinatenga asilimia 30 ya zabuni za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kama chama chenu kinastahili, sajilini mapema, maana usajili huo hauendani na haraka ya siku ya mwisho ya zabuni.

Chungu cha pili ni mikopo ya Benki ya Dunia. Mradi wa Tanzania ya Kidijitali uliidhinishwa 2021 kwa dola milioni 150, Uganda ilipata mradi wake wa dola milioni 200 mwaka huohuo, na wa Kenya wa kuharakisha uchumi wa kidijitali ukaidhinishwa 2023 kwa dola milioni 390. Hapa huombi kwa Benki. Fedha ni za serikali, zinaendeshwa na kitengo cha mradi ndani ya wizara, na wewe unaingia kama mzabuni au kama mnufaika. Nenda tovuti ya Benki ya Dunia, tafuta mradi kwa jina la nchi, pakua waraka wa tathmini na mpango wa manunuzi. Waraka ni mrefu na umeandikwa kwa Kiingereza kizito, lakini ruka moja kwa moja hadi kwenye maelezo ya vipengele na jedwali la viashiria. Viashiria ndivyo vinavyokwambia mratibu wa mradi atapimwa kwa kitu gani mwisho wa mwaka. Andiko linalomsaidia kutimiza kiashiria chake analisoma. Jingine anakwambia "tutakujulisha".

Shule za juu, vyuo na hospitali za kufundishia zina mlango wao, nao ndio pekee ambao kwa maoni yangu umejengwa kuvuka mpaka tangu msingi. Mitandao ya elimu na utafiti ya kitaifa, KENET Kenya, TERNET Tanzania, RENU Uganda, imeungana chini ya UbuntuNet Alliance yenye ofisi Lilongwe. Umoja wa Ulaya umekuwa ukiigharimia kupitia AfricaConnect tangu 2011. Awamu ya kwanza Umoja wa Ulaya ulitoa asilimia 80 na nchi za kanda zikatoa 20. Chuo kilichopo mpakani kikijiunga na mtandao wake wa kitaifa, kuvuka kunakuja ndani ya uanachama. Mkuu wa chuo anayehangaika kuandika andiko la faiba ya kwenda nchi jirani kabla ya kuuliza ada ya uanachama anajichosha bure.

Ipo pia misaada midogo ya taasisi kama Internet Society Foundation kwa mitandao ya jamii, yaani ile inayojengwa na kuendeshwa na wanajamii wenyewe. Ni ya ushindani, kiasi si kikubwa, na inafaa zaidi kwa mafunzo na vifaa vya mwanzo kuliko kulipia kapasiti ya kila mwezi.

Hatua ya 4: Leseni kabla ya andiko

Mfuko wa umma hauangalii wazo la asiye na leseni. Tanzania inatoa leseni za miundombinu, za huduma za mtandao na za huduma za matumizi, na kila moja ina ngazi: wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Ngazi ya wilaya inatosha kwa Longido na ada yake ni ndogo kuliko ya taifa. Kenya ina mfumo wake wa leseni kwa madaraja, na baada ya kutoa mwongozo mwaka 2021 ikaanza kutoa leseni ya mtandao wa jamii, ambayo ni mkombozi kwa vyama na vikundi. Mshirika wako wa upande wa Kajiado aanzie hapo.

Omba leseni kwa kile unachofanya sasa, usiombe kwa ndoto ya miaka mitano, kwa sababu ada za mwaka zinakuja uwe na wateja au usiwe nao.

Hatua ya 5: Kusanya ushahidi ambao mtu mwingine anaweza kuurudia

Sentensi kama "mawasiliano ni duni sana katika eneo letu" haina thamani mezani kwa mtathmini. Chukua simu ya kawaida, ile wanayotumia watu wa hapo, weka programu ya kupimia nguvu ya mawimbi, pita barabara kuu na njia za vijijini, na katika kila kituo andika viwianishi vya mahali (GPS), saa, mtandao ulioshika na kasi uliyopata. Pima asubuhi, pima na saa moja jioni watu wote wakiwa mtandaoni. Mahali simu iliposhika mnara wa nchi jirani paandike kwa rangi yake. Ramani yenye nukta hizo, ukurasa mmoja tu, inafanya kazi kuliko maelezo ya kurasa kumi.

Ongeza bei. Andika wakala, mwenye duka la miamala na shule wanalipa kiasi gani kwa mwezi leo, na ambatanisha risiti walizokubali kutoa baada ya kufuta majina na namba za simu. Mtathmini akiona watu tayari wanalipa, hofu yake kubwa, kwamba mradi utakufa ruzuku ikiisha, inapungua.

Hatua ya 6: Bajeti, hasa gharama za kila mwezi

Hapa ndipo miradi hufa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ruzuku nyingi hulipia kujenga: nguzo, faiba, redio, betri, paneli za jua. Hazilipii kuendesha. Tengeneza jedwali mbili. La kwanza ni la kujenga, likiwa limegawanywa kwa nchi, kila safu kwa shilingi ya nchi yake, na kodi ya kuingiza vifaa ikiwa imehesabiwa. Kifaa kilichonunuliwa kwa ruzuku ya Tanzania kikafungwa Kenya ni hoja ya ukaguzi hata kama umekibeba mkononi ukapita nacho getini.

La pili ni la kuendesha: kapasiti, umeme, kodi ya nafasi kwenye mnara, fundi, ada za leseni, na akiba ya kubadilisha betri. Kapasiti ndiyo kubwa, na mara nyingi inauzwa kwa dola wakati wateja wako wanalipa kwa shilingi. Chukua mfano wa mkataba wa dola 1,500 kwa mwezi. Dola ikiwa shilingi 2,500 unalipa 3,750,000. Dola ikipanda kwa asilimia 10 umeongezewa 375,000 bila kupata hata kilobaiti moja ya ziada. Kama mteja wako analipa 50,000, hiyo ni sawa na kupoteza wateja saba na nusu kwa usiku mmoja. Weka kipengele hiki kwenye andiko wewe mwenyewe, na useme utafanyaje: mkataba wa shilingi kama msafirishaji anakubali, akiba ya miezi mitatu, au bei inayopitiwa kila nusu mwaka.

Punguza pia data inayosafiri mbali. Nairobi, Dar es Salaam, Arusha, Kampala na Kigali kuna vituo vya kubadilishana data, ambapo watoa huduma wanapeana data ya ndani bila kuizungusha Ulaya. Arusha ina chake tangu 2006, karibu kabisa na Namanga. Wakati fulani hata hilo lilikuwa vita: kituo cha Nairobi kilipoanza mwaka 2000 kilifungwa na mdhibiti baada ya wiki chache tu, kufuatia malalamiko ya kampuni ya simu iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, kikafunguliwa tena 2002. Leo ukiwa Longido huna sababu ya kulipia njia ya kimataifa kwa data inayokwenda Arusha.

Kipimo changu ni kimoja: ifikapo mwaka wa pili, wateja wanaolipa kwa mfuko wao wenyewe wabebe gharama zote za mwezi. Shule na zahanati ziwe nyongeza. Malipo ya taasisi za umma huja, lakini huja kwa kalenda yao.

Hatua ya 7: Barabara na nguzo

Faiba inapita kwenye hifadhi ya barabara, na barabara ina mwenyewe. Barabara kuu ya Arusha hadi Namanga ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu, na mitaa ni ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ng'ambo, barabara kuu iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu ya Kenya, na kaunti nayo ina tozo zake za njia. Omba barua ya kutokuwa na pingamizi mapema, hata kabla ya fedha kupatikana, maana ukiisubiri hadi mkataba usainiwe itakula muda wako wote wa utekelezaji. Uliza pia kama kuna barabara inayojengwa au kupanuliwa. Mradi wa barabara ya Kenya kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, kupitia Lodwar, uliingiza faiba ndani ya mkopo wa barabara yenyewe, na mitaro ikachimbwa kwa kazi moja. Ni njia ya nafuu kuliko zote, ila lazima uwe umejulikana wakati michoro bado iko mezani.

Nguzo za umeme za TANESCO na Kenya Power ni mbadala mzuri kwa masafa mafupi ya mjini. Mkataba wake usome wote, hasa sehemu inayosema nani anagharimia kuhamisha waya nguzo ikioza.

Hatua ya 8: Taarifa za watu

Ukiuza intaneti unashika majina, namba za vitambulisho na kumbukumbu za matumizi. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data 2019, Rwanda 2021, na ya Tanzania ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Upande wa Tanzania unajisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kenya inasamehe usajili kwa biashara ndogo, lakini watoa huduma za mawasiliano hawamo kwenye msamaha huo, kwa hiyo udogo hautakuokoa.

Kwa mradi uliokatwa vipande viwili jambo hili ni jepesi: wateja wa Tanzania kwenye mfumo wa Tanzania, wa Kenya kwenye wa Kenya. Mkitaka kutumia programu moja ya malipo kwa pamoja, andikeni kinachohamishwa, kinahifadhiwa wapi na kwa idhini ya nani.

Hatua ya 9: Kuwasilisha, na subira yenye mpango

Mwaka wa fedha wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda unaanza 1 Julai. Wa Zambia unaanza Januari, jambo la kuzingatia kwa walioko Tunduma. Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya 1 Septemba, karibu miezi kumi kabla ya fedha kuanza kutumika. Mradi wako usipotajwa humo, afisa wa kaunti hata akikupenda hana kifungu cha kulipia. Tanzania anzia kamati ya maendeleo ya kata, upate muhtasari uliosainiwa na kugongwa muhuri, kisha halmashauri. Zabuni zenyewe zinapita kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma wa mtandaoni. Jisajili sasa, siyo wiki ya zabuni, kwa sababu utatakiwa cheti cha mlipakodi na leseni hai vyote vikiwa havijapitwa na muda.

Wasilisha vipande viwili tofauti, kila kimoja kikiwa na ukurasa mmoja wa nyongeza unaoeleza kipande cha pili na mahali vinapokutana. Usitegemee vitapita pamoja. Andika tangu mwanzo kipande kilichopita kitatoa huduma gani peke yake, na kianze.

Ukinyimwa, omba sababu kwa maandishi. Sheria za manunuzi zinakupa haki hiyo, na muda wa kukata rufaa ni mfupi, unahesabiwa kwa siku. Soma pia ripoti ya mkaguzi mkuu, ya Tanzania husomwa bungeni kila Aprili, uone hoja zilizoibuliwa kwenye mfuko unaouomba. Kama mwaka uliopita walisemwa kwa minara iliyojengwa ikawa haiwaki, andiko lako la mwaka huu liwe na ukurasa mzima wa umeme.

Ukikubaliwa, kazi ya kwanza kabla ya kuchimba ni daftari la mali: kila kifaa, namba yake, kilinunuliwa kwa fedha zipi, kimefungwa upande upi wa mpaka, na picha yake. Nakala moja ikae kwako na nyingine kwa mshirika wako.